Vidonda vya koo kwa mtoto mdogo: namna ya kumtunza nyumbani hadi apone

Maswali ni yaleyale kila mara. Mtoto alikuwa mzima jana, leo ana homa kali, anakataa titi au chupa, mate yanamtiririka kama anayeota meno, na ukimmulika kooni unaona vijipele vyenye duara jekundu. Je, nimpe antibayotiki? Nimpake nini? Mbona hali chochote? Ataambukiza wenzake mpaka lini? Nimeyapanga majibu hapa kwa kufuata kazi yenyewe, tangu unapoona dalili hadi mtoto anaporudi kucheza na wenzake.

Ugonjwa huu madaktari huuita herpanjina. Huletwa na virusi vya jamii ya enterovirusi, hasa virusi vya Coxsackie kundi A, vilivyotangazwa mwaka 1948 baada ya kupatikana kwenye sampuli za watoto wa mji wa Coxsackie, New York. Huwapata zaidi watoto wadogo, ingawa hata mtu mzima anaweza kuugua. Nadharia naishia hapo. Jambo moja tu ulishike: vidonda hivi hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na hakuna dawa ya kuviharakisha. Mtoto wa herpanjina akilazwa hospitali, mara nyingi ni kwa sababu aliacha kunywa na mwili ukakaukiwa maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kunywa.

Kwanza kabisa: nani asitunzwe nyumbani

Usiendelee kusoma hatua za chini kama mtoto wako yuko katika mojawapo ya hali hizi. Mpeleke kwenye huduma ya afya sasa hivi:

- Ana umri wa chini ya miezi 3 na joto limefika 38 au zaidi. Kwa umri huo homa yoyote ni ya daktari, hata kama mtoto anaonekana mchangamfu.
- Anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, au anatoa mlio wa kukwaruza kila anapovuta pumzi hata akiwa ametulia.
- Ameinama mbele na kutoa kidevu nje, mate yanamwagika, sauti imezibwa, na anakataa kulala chali.
- Amelegea, haamki vizuri, au shingo imekakamaa.
- Anashtukashtuka mwili sana usingizini, anayumba anapotembea, au mkono au mguu umekosa nguvu.
- Hajakojoa kwa saa 8 au zaidi, macho yameingia ndani, analia bila machozi, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea.
- Ameshikwa na degedege.

Kama mnaishi penye malaria, homa ipimwe malaria hata kama vidonda vya koo umeviona kwa macho yako. Mtoto anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na hilo la pili halisubiri.

Vitu vya kuwa navyo karibu

- Kipimajoto. Cha kidijitali cha kwapani kinatosha.
- Uzito wa sasa wa mtoto kwa kilo. Uzito wa kliniki ya miezi mitano iliyopita hautufai.
- Parasetamoli ya maji ya watoto, pamoja na boksi lake.
- Bomba la kunyweshea dawa lenye alama za mililita (lile lisilo na sindano), au kikombe cha kupimia kilichokuja na dawa. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo.
- Pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS.
- Kikombe kidogo kilicho wazi na kijiko kidogo.
- Tochi.
- Sabuni, maji, na dawa ya klorini ya kusafishia.
- Karatasi na kalamu. Watu hukidharau hiki, lakini saa nane za usiku hakuna anayekumbuka dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi wala nani aliitoa.

Hatua kwa hatua

1. Angalia koo bila kugombana na mtoto

Mkalishe mapajani kwa mtu mwingine, uso ukikuelekea, na mulika tochi anapolia au kupiga miayo. Dakika hiyo moja inatosha. Usimkandamize ulimi kwa kijiko. Ukimuumiza leo, kesho hatafungua mdomo hata kwa maji. Na kama ana zile dalili za kupumua kwa shida nilizotaja juu, usimwangalie koo kabisa. Kumchokoza kunaweza kuifunga njia ya hewa.

Unachotafuta ni malengelenge madogo ya milimita 1 au 2, yanayogeuka kuwa vidonda vya kijivu au vyeupe vyenye ukingo mwekundu. Hukaa nyuma ya mdomo: kwenye kaakaa laini, pembeni mwa tezi za koo, na kuzunguka kimeo. Mara nyingi ni vichache tu, chini ya kumi. Uchache wao usikudanganye, kwa maana vinauma kupita ukubwa wake. Homa hutangulia kwa saa kadhaa au siku nzima, hivyo si ajabu koo likawa safi asubuhi na vidonda vikaonekana jioni.

Mahali vidonda vilipo ndipo panapokusaidia kutofautisha:

- Vikiwa mbele, kwenye fizi, ulimi na midomo, na fizi zimevimba na kuvuja damu, huenda ni virusi vya hepesi. Muone daktari mapema, kwa kuwa kuna dawa inayosaidia ikianza siku za mwanzo.
- Vikiwa mdomoni pamoja na vipele viganjani, nyayoni au makalioni, huo ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni ndugu wa herpanjina, na utunzaji ni huuhuu.
- Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaokaa mashavuni na kwenye ulimi bila homa, kwa kawaida ni fangasi.
- Tezi za koo zenye usaha, homa, bila kikohozi wala mafua, kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea: hapo huenda ni bakteria na anahitaji kupimwa.
- Utando mzito wa kijivu uliong'ang'ania kooni, hasa kwa mtoto ambaye hajakamilisha chanjo, unaweza kuwa dondakoo. Hiyo ni dharura.

Ukibaki na shaka, mpeleke aonwe mara moja, kisha rudi nyumbani mkiwa na jina la ugonjwa. Kuhangaika siku tatu na ugonjwa usioujua kunachosha kuliko foleni.

2. Pima joto na uandike

Joto la herpanjina hupanda ghafla na linaweza kufika 39 au 40. Namba hiyo inatisha, lakini peke yake haikuambii mtoto ni mgonjwa kiasi gani. Tazama anavyokuwa baada ya homa kushuka: akiinuka, akakutazama, akataka kubebwa au akachezea kitu, hiyo ni dalili njema. Akibaki amelegea hata joto likiwa 37.5, usisubiri.

Mpunguzie nguo, mfunike shuka jepesi. Usimwogeshe maji ya baridi wala kumpaka spiriti. Maji baridi humtetemesha na kumwongezea mateso, na spiriti hupenya kwenye ngozi na kumdhuru.

3. Tuliza maumivu kabla ya kumpa kinywaji

Hapa ndipo wengi hupinda njia. Huanza kumbembeleza mtoto anywe, akikataa wanazidisha kumbembeleza, na dawa ya maumivu wanaihifadhi "mpaka homa ipande". Fanya kinyume. Dawa itangulie, kisha baada ya nusu saa hadi dakika 45 leta kikombe. Unampa dawa ili aweze kumeza. Homa ikishuka, hiyo ni faida ya ziada.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi dozi 4 katika saa 24. Tuchukue mtoto wa kilo 12. Dozi yake ya juu ni 12 × 15, yaani miligramu 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Lakini kuna chupa za miligramu 250 kwa mililita 5, na kuna matone ya watoto wachanga yaliyo makali zaidi ya hapo. Mililita 7.5 za chupa moja si sawa na mililita 7.5 za nyingine. Soma boksi kila unaponunua chupa mpya, na mwombe mfamasia akuhakikishie hesabu.

Ibuprofeni nayo hutuliza vizuri, lakini mimi naiweka ya pili. Haimfai mtoto wa chini ya miezi 6, haimfai mtoto aliyepungukiwa maji kwa sababu inaweza kuumiza figo, na isitumike penye homa ya dengi (ile inayoletwa na mbu) kabla ya kumwona daktari. Mtoto anayekataa kunywa tayari yuko karibu na mpaka huo.

Angalizo kuhusu dawa:

- Aspirini asipewe mtoto kabisa. Ikikutana na maambukizi ya virusi inaweza kusababisha ugonjwa hatari wa ini na ubongo.
- Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukimpa zote mbili umempa dozi mara mbili bila kujua.
- Jeli za kutia ganzi mdomoni zisitumike kwa mtoto mdogo. Zenye benzokaini zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na zenye lidokaini zikimezwa kupita kiasi huleta degedege na kuvuruga moyo.
- Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.
- Antibayotiki haziui virusi. Zinaweza kumletea kuhara, naye maji yanamtosha kwa shida hata bila kuhara.
- Dawa ya rangi ya zambarau ni ya fangasi. Kwenye vidonda hivi itakuchafulia nguo tu, na itamzuia daktari kuona kilichopo.
- Usikwangue, usitumbue, wala usiruhusu mtu akate chochote kooni mwa mtoto.

4. Mnyweshe kidogokidogo, mchana kutwa

Tuanze na lengo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban lita moja ya vimiminika kwa siku, maziwa yakiwemo. Kuanzia hapo ongeza mililita 50 kwa kila kilo: wa kilo 12 ni lita 1.1, wa kilo 15 ni lita 1.25. Siku mbili za mwanzo huenda usifikie kiwango hicho, usijilaumu. Akishuka chini ya nusu ya kawaida yake ndipo uanze kufikiria safari ya hospitali.

Sasa namna ya kumnywesha. Koo lenye vidonda haliwezi kumeza mafunda, lakini tone linapita. Mpe mililita 5 kila baada ya dakika 3. Ni kidogo kiasi kwamba mtoto hachukii, na bado kwa saa moja umeshampa mililita 100. Weka saa mbele yako ukipenda. Ni kazi ya kuchosha, mpokezane.

Ukitumia bomba la dawa, lielekeze upande wa ndani wa shavu na sukuma polepole. Ukilenga koo moja kwa moja atapaliwa, na pia utakuwa umevipiga vidonda kwa maji.

Chupa yenye chuchu iweke kando kwa muda kama anaikataa. Kunyonya chuchu kunavuta kaakaa laini, palepale penye vidonda. Mtoto aliyekataa chupa siku nzima anaweza kukubali maziwa yaleyale kwenye kikombe kilicho wazi au kijiko. Mrija nao huuma kwa sababu hiyohiyo.

Kinywaji gani? Chochote kilichopoa na kisicho kikali. Maziwa baridi, maji baridi, mtindi mwepesi, ORS. Baridi hufisha maumivu kidogo, na wengi humeza vizuri zaidi kitu kilichotoka kwenye friji. Maziwa au ORS iliyogandishwa kwenye kijiti, mtoto wa zaidi ya mwaka akailamba akiwa amekaa, hufanya kazi vizuri ajabu. Usimpe vipande vya barafu vigumu, atapaliwa. Epuka maji ya machungwa, ndimu, nanasi na nyanya, kwa maana asidi kwenye kidonda ni kilio cha saa nzima, na pengine mwisho wa imani yake kwa kikombe. Soda nazo ziache. Zina sukari nyingi na gesi inachoma.

ORS inahitajika hasa akiwa hali chochote, anatapika au anaharisha. Changanya pakiti nzima kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa sababu ziko za lita moja na ziko za kiasi kidogo. Usizidishe unga ili "iwe na nguvu". Chumvi ikizidi inamdhuru. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, vitakusogeza mpaka uipate. Pima kwa makini, onja: isizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko wowote ukipita saa 24 umwage.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni habari nyingine. Yeye ni maziwa ya mama au maziwa yake ya kawaida ya kopo, mara nyingi zaidi na kidogokidogo. Usimjaze maji matupu, yanaweza kushusha chumvi ya damu. Akikataa titi, kamua umpe kwa kijiko au kikombe, kisha mjaribu tena titi nusu saa baada ya dawa. Endelea kukamua hata kama hanywi vyote, ili maziwa yasipungue siku atakapopona na kurudi na njaa yake yote.

5. Hesabu mkojo

Andika kila nepi iliyolowa na kila safari ya chooni. Hiki ndicho kipimo chako halisi, kuliko kumchungulia koo kila saa. Mtoto anayekojoa walau kila baada ya saa 6, mkojo wa njano nyepesi, mdomo una unyevu, anatoa machozi akilia, huyo anakunywa vya kutosha hata kama wewe unaona hanywi kitu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito na wenye harufu kali, ongeza kasi ya vijiko. Saa 8 bila mkojo, ondoka nyumbani.

Nepi za kisasa hufyonza sana na kuonekana kavu. Ipime mkononi kwa uzito, au weka kipande cha pamba ndani.

6. Chakula

Kiache. Siku mbili tatu bila chakula kigumu hazimdhuru mtoto aliyekuwa na lishe nzuri, mradi anakunywa. Akitaka kula, mpe laini na kilichopoa: mtindi, ndizi iliyopondwa, uji laini, viazi vilivyopondwa. Chumvi nyingi, pilipili, ukoko na vya kukaanga vingoje. Ugomvi wa chakula unamfanya akatae hata kinywaji. Kwa mtoto aliyekuwa na lishe duni kabla ya kuugua, usisubiri siku zote hizo, mpeleke mapema.

7. Usiku

Mpe dozi ya maumivu kabla ya kulala kama muda wake umefika, kisha kinywaji. Akilala vizuri na alikojoa jioni, huna haja ya kumwamsha umpe dawa. Ukiwa na wasiwasi kuhusu maji, mpe vijiko kadhaa anapojigeuza.

8. Wazuie wengine wasiambukizwe

Virusi hivi hutoka kwenye mate, makamasi na kinyesi. Mate na makamasi huwa hatari zaidi wiki ya kwanza, lakini kinyesi huendelea kubeba virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mkazo uwe kwenye nepi na choo. Nawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 20 kila unapombadilisha, na mnawishe na yeye. Vitakasa mikono vya pombe havivimudu vizuri virusi vya aina hii kwa sababu havina ule utando wa mafuta unaoyeyushwa na pombe. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa.

Vyombo vyake, mswaki na taulo viwe vyake peke yake. Midoli inayoingia mdomoni ioshwe kwa sabuni, kisha ipanguswe kwa maji ya klorini: mililita 20 za dawa yenye klorini ya asilimia 5 ndani ya lita moja ya maji, iache dakika chache, suuza. Usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya usafi, itatoa gesi ya sumu.

Anayeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 3 hadi 6 kwa kawaida. Mdogo wake akipata homa wiki ijayo, utajua imetoka wapi.

9. Kumrudisha kwa wenzake

Arudi chekechea homa ikiwa imeisha kwa saa 24 bila dawa, anakula na kunywa, na mate hayamchuruziki tena. Kusubiri kinyesi kiwe safi ni kumfungia mtoto mwezi mzima bila faida kubwa, kwani wenzake kadhaa huenda wanavibeba virusi hivyohivyo bila dalili yoyote. Waambie walezi wakazie kunawa mikono.

Mambo yakienda kombo

Anatema dawa. Gawa dozi katika vipande viwili vitatu na uvipitishe shavuni kwa bomba, kila kimoja kikifuatwa na tone la kitu kitamu na baridi. Usiichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa. Akiacha nusu hutajua amepata kiasi gani. Ipo parasetamoli ya kuwekwa njia ya haja kubwa, muulize mfamasia.

Ametapika baada ya dawa. Ikiwa ni ndani ya dakika 30, unaweza kumrudishia dozi hiyo mara moja. Zaidi ya hapo subiri muda wa dozi inayofuata. Akitapika kila kitu, hata vijiko vya maji, huyo si wa nyumbani tena.

Homa haishuki mpaka 37. Haihitaji kufika huko. Ikishuka nyuzi moja au moja na nusu na mtoto akakubali kunywa, dawa imefanya kazi yake. Usiongeze dozi kabla ya muda.

Homa imefika siku ya nne, au ilikwisha ikarudi. Herpanjina kwa kawaida humaliza homa ndani ya siku 2 hadi 4. Ikipita siku 3 mpeleke aangaliwe, na ikirudi baada ya kuondoka mpeleke siku hiyohiyo, kwa sababu huenda kuna maambukizi mengine, kama ya sikio, kifua au mkojo.

Degedege. Mlaze ubavu sakafuni mbali na vitu vigumu, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, na angalia saa. Likipita dakika 5 ni dharura ya kuita gari. Likiisha mapema, bado aonwe na daktari siku hiyohiyo. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi haliachi athari, ila sababu yake lazima ithibitishwe na mtu aliyesomea.

Mate yanamtiririka sana. Kama anapumua kimya, anacheza na kulala chali bila shida, ni maumivu ya kumeza tu. Mpanguse kidevu na umpake mafuta mazito ili ngozi isichubuke. Mate pamoja na mlio wa pumzi, rudi kwenye orodha ya mwanzo.

Siku ya tatu vipele vimetokea viganjani na nyayoni. Umehamia kwenye yule ndugu niliyemtaja, ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Endelea vilevile. Wiki kadhaa baadaye kucha zinaweza kubanduka. Zinakua upya zenyewe, usizing'oe.

Vidonda havijapona baada ya siku 10. Hapo rudi kwa daktari, hata kama homa ilishaisha. Na vidonda vya mdomoni vinavyokuja na kwenda kila mwezi vinahitaji kuchunguzwa kwa sababu nyingine kabisa.

Alipona, na sasa anavyo tena. Inawezekana kabisa. Aina za enterovirusi zinazoleta ugonjwa huu ni nyingi, na kinga aliyoipata ni ya ile aina moja iliyompata. Anza upya na hatua ya kwanza, na mpime uzito tena kabla ya kugusa chupa ya dawa, maana huenda dozi ya mara iliyopita imeshakuwa ndogo kwake.